Mzuri, Lakini

Susu wangu, yaani mama yake mama, hajawahi kuwa mtu wa kusimama njiani. Nikiwa mdogo nilikuwa namfuata nyuma mbio mbio, yeye akitembea tu, mtungi wa maji mgongoni na kamba kwenye paji la uso, na bado ananiacha. Akisalimiwa alikuwa anaitikia bila kugeuza shingo. Watu walishazoea. Walikuwa wanasema ukitaka kuongea na yule mama, vaa viatu kwanza.

Kwa hiyo niliporudi nyumbani kwa likizo kutoka Athi River, ambako nashona mifuko ya jinzi katika kiwanda cha nguo, nikashangaa. Tulitoka pamoja kwenda sokoni Muthetheni, mwendo wa kupanda na kushuka vilima viwili vitatu, na kila lango tukilifikia, Susu anasimama. Anashika mti wa lango na kumwita mwenye boma. Anauliza watoto, anauliza mbuzi, anauliza kama ndengu zimeanza kukauka. Nikafurahi sana. Nikajisemea, angalia vile uzee ni mtamu, umemfundisha mapenzi ya watu.

Tukafika lango moja ambalo wenyewe walikuwa wamehamia mjini. Hakukuwa na mtu. Hata mbwa hakukuwa. Susu akasimama palepale, akashika mti, akasalimia boma tupu.

"Uvoo wenu!"

Na kwa sababu hapakuwa na wa kumjibu, nikasikia kifua chake. Kilikuwa kinavuta pumzi kama mtu anayepasua kuni.

Siku hiyo sikumuuliza kitu. Mimi ni mtu wa machozi ya karibu, nilijua nikifungua mdomo njiani nitaaibika. Kesho yake asubuhi nilimpelekea chai nikamkuta amelala amekaa, mto mmoja na nusu gunia la ndengu nyuma ya mgongo. Miguuni alikuwa amevaa kandambili za marehemu babu. Viatu vyake vyote vilikuwa chini ya kitanda, vimepangwa vizuri, kwa sababu havikuwa vinaingia tena.

"Susu, wewe ni mgonjwa."

"Nani amesema?"

"Kifua chako kimesema jana."

"Kifua changu hakijui Kiswahili," akaniambia, akapokea chai. "Kunywa yako, mume wangu, isipoe."

Kwetu nyanya humwita mjukuu wa kiume mume wake, ni utani wa tangu zamani. Lakini asubuhi hiyo ule utani ulinichoma. Susu ndiye aliyenilea tangu mama alipotangulia. Nikimpoteza, hakuna mtu mwingine hapa duniani wa kuniita hivyo. Nikaweka kikombe chini nikamwambia leo hii tunaenda zahanati, hata kama ni kwa kumbeba mgongoni. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema atakubali, ili mradi nisimwambie daktari uongo wowote kumhusu. Uongo, kwake, ni kusema ni mgonjwa.

Zahanati yetu naijua tangu nikiwa mtoto wa kudungwa sindano. Ilikuwa chumba kimoja cha dawa, kingine cha kujifungulia, na benchi refu nje. Benchi bado lilikuwepo. Ila ndani kulikuwa na vitu vipya vilivyoletwa kwa majaribio, vinavyotumia umeme wa jua. Muuguzi aliyekuwa zamuni, dada wa rika langu hivi, alituonyesha kwa furaha kama mtu aliyenunua sofa. Kulikuwa na tableti mezani yenye kuwauliza wagonjwa maswali kwa sauti, ili mtu asiyejua kusoma asiachwe nyuma, na ili muuguzi aliye peke yake ajue nani aonwe kwanza. Nilipenda sana. Mimi siogopi mashine. Mchana kutwa nashinda na moja inayokata uzi yenyewe na kusimama yenyewe sindano ikivunjika, na nimeiheshimu kuliko wasimamizi wengine.

Sauti ya ile tableti ilikuwa ya mwanamke, laini, kama ya mtangazaji wa redio. Ikamwambia Susu achague Kikamba au Kiswahili. Akachagua Kiswahili.

"Susu, si uongee Kikamba?"

"Huyu ni mgeni. Mgeni unamwongelesha Kiswahili."

Akajiweka sawa kwenye kiti, akavuta leso yake.

"Habari yako leo?" tableti ikauliza.

"Mzuri," Susu akasema, akavuta pumzi ili aendelee.

"Asante. Nimefurahi kusikia uko vizuri. Je, una maumivu ya kifua?"

Susu akanigeukia. "Mbona anakimbia?"

"Jibu tu, Susu."

"Hata mimi sijamuuliza habari yake." Akaiinamia tableti kwa adabu. "Na wewe, habari yako?"

"Samahani, sijakuelewa. Je, una maumivu ya kifua?"

"Hapana," Susu akasema, kwa ile sauti anayotumia na watu wanaouza sufuria mlango kwa mlango. Kisha akaninong'oneza, "Mtu hajaniambia ni wa nyumba gani, nimwambie mambo ya kifua changu?"

"Je, unapata shida ya kupumua?"

"Niko sawa."

"Je, miguu yako imevimba?"

Susu akazirudisha zile kandambili chini ya kiti. "Miguu iko."

Tableti ikafikiria. Ikatoa duara la kijani kibichi, rangi nzuri kabisa, ikasema hali yake si ya dharura, na kwamba anaweza kusubiri au kurudi siku nyingine.

"Umeona?" Susu akasimama. "Mashine imesema niko mzuri. Twende, mume wangu, mbuzi hawajakunywa maji."

Niliona tukirudi ile njia, yeye akisimama kwenye malango, kila siku lango moja zaidi, mpaka siku moja asilifikie linalofuata. Nikamwambia muuguzi, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Dada, tafadhali. Analala amekaa. Amelalia gunia la ndengu."

"Huyu mume wangu anapenda maneno," Susu akasema.

Lakini yule dada hakuwa anatazama tableti. Alikuwa anatazama zile kandambili. Akamshika Susu mkono polepole, kama mtu anayemkaribisha densi.

"Susu, usiende haraka. Njoo nikuonyeshe kitu. Hiki changu hakiulizi maswali."

Alichotoa kwenye droo kilikuwa kama mashine ya kunyoa nywele, waya wake umechomekwa kwenye simu. Akampaka Susu jeli chini ya titi la kushoto. Susu akashtuka kwa baridi akasema hata marehemu hakuwahi kuthubutu hivyo mchana kweupe, na muuguzi akacheka mpaka kile kifaa kikateleza. Akakirudisha. Akakigeuza kidogo kidogo, akitafuta.

Na hapo kwenye simu, simu kama hizi zetu tu, nikauona moyo wa Susu.

Nilidhani moyo ni kama ule unaochorwa kwenye kadi, mwekundu, una umbo. Sivyo. Ulikuwa wa kijivu, na una vyumba, na una vijilango vyembamba kama ngozi ya kitunguu vinavyopunga, vinafunguka na kufunga. Ulikuwa unajikunja na kujikunjua. Nimeishi na yule mama maisha yangu yote, nimekula muthokoi wake, nimechapwa na mwiko wake, na sikuwahi kufikiria kwamba kitu hicho kilikuwa kinafanya kazi humo ndani wakati wote huo bila kupumzika hata Jumapili. Nilisahau kuogopa. Nilishangaa tu, kama niko kanisani.

Kisha nikaona vile unavyojikunja. Ulikuwa unajikunja nusu halafu unaacha. Kama mtu anayekamua blanketi na mikono imechoka, anasokota kidogo, maji hayatoki yote, anaachilia.

Programu iliyokuwa ndani ya simu ikachora mstari kuuzunguka ule moyo yenyewe, ikaufuata ukijikunja na kujikunjua, ikapima ni damu kiasi gani inasukumwa. Safari hii haikutoa kijani. Muuguzi hakuikubali hivyo hivyo. Aliirudisha picha nyuma, akaitazama tena, akapima tena kutoka upande mwingine, ndipo akaikubali.

Susu naye alikuwa ameinua shingo anaangalia.

"Huyo ndiye mimi?"

"Ndiye wewe, Susu."

Akaangalia kwa muda mrefu. Uso wake ukabadilika, ukawa ule uso wa kumwona mtoto wa jirani amebebeshwa kuni zinazomzidi.

"Anafanya kazi sana, maskini," akasema. Halafu akauambia moyo wake, kwa Kiswahili, kwa sababu ni mgeni, "Pole."

Mimi hapo nikatoka nje kidogo. Nilirudi nikisema kuna vumbi.

Muuguzi alikuwa ameshatuma ile picha kwa daktari wa moyo mjini Machakos, na kabla jeli haijakauka daktari akapiga simu ya video. Alikuwa mzee wa nywele nyeupe, miwani imeshuka puani, na nyuma yake dirisha lenye kilima. Nilitarajia aanze kwa maneno makubwa. Akasogeza uso karibu na simu akasema:

"Uvoo waku, mwaitu?"

Habari yako, mama. Na Susu, kwa vile ameulizwa na mtu wa kwao, akaitikia kwa Kikamba pia.

"Museo."

Mzuri. Basi nikafunga macho, nikajua tumerudi palepale pa tableti.

Lakini daktari hakusema kitu. Alinyamaza tu, anamwangalia. Nilidhani mtandao umekwama. Nikanyoosha mkono nigonge simu, na muuguzi akanipiga jicho. Daktari akakuna shavu.

"Mvua imeonekana huko kwenu?"

"Imeonekana," Susu akasema. "Imeonekana, lakini..." Akatazama mikono yake. "Lakini mimi mwenyewe, daktari, silali. Nikilala chali ni kama mtu amenikalia. Nikienda sokoni naona kilima ni kirefu kuliko zamani. Na miguu yangu si yangu."

Akatoa yote. Alisema hata yale ambayo sikuyajua, kwamba siku hizi anachota maji nusu mtungi na kujaza juu na majani ili majirani wasione.

Nikiwa hapo nimekaa na leso yake magotini mwangu, ndipo nilielewa kitu ambacho nimeishi ndani yake bila kukiona. Kwetu mtu akikuuliza habari unasema mzuri. Hata nyumba ikiwa inaungua unasema mzuri kwanza, ndipo unaongeza, lakini nyumba inaungua. Mzuri ni mlango tu. Habari yenyewe iko nyuma yake, inaitwa lakini, na huwa haitoki mpaka ione aliyeuliza bado amekaa. Ile tableti haikuwa na kosa la akili. Iliuliza maswali yale yale ambayo daktari angeuliza. Ilichokosa ni kukaa.

Daktari akamweleza Susu taratibu kwamba moyo wake umechoka, haukamui vizuri, kwa hiyo maji yanarudi kwenye mapafu na miguuni. Akasema kuna dawa za kutoa hayo maji na nyingine za kuupunguzia moyo mzigo, lakini aanze nazo hospitalini, leo, si kesho.

"Leo haiwezekani. Mbuzi wangu je?"

"Si naona uko na mume hapo?" daktari akasema.

Susu akacheka. Akanigeukia. "Umesikia? Usiwape maji ya sabuni."

Gari la wagonjwa lilikuja likamchukua. Mimi niliwanywesha mbuzi nikilia, nao hawakujali.

Huko Machakos alikaa wodini mpaka miguu yake ikarudi kuwa yake. Nilimtembelea nikamkuta anawafundisha wenzake wa wodi kusuka kyondo, kikapu cha kwetu, kwa vidole tu, bila uzi, ili wasiwe wanakaa bure. Kwenye kidole kimoja alikuwa amebanwa kijikifaa kama kibanio cha nguo, na kwenye meza ya wauguzi mwisho wa wodi moyo wake ulikuwa unaonekana ukipita kama vilima, pamoja na mioyo ya wengine, yote kwenye skrini moja. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama siri, "Hata nikinyamaza wananisikia."

Nililala na hayo maneno. Mimi masomo yangu yaliishia kidato cha nne, na hata hapo sikumaliza kwa kujivunia, kwa hivyo ndoto zangu huwa haziniombi cheti. Siku hizo nikiwa kwenye kiti changu kiwandani, mfuko baada ya mfuko, nilikuwa naijenga hospitali kichwani. Haina geti. Haingoji mtu apande kilima na kifua kibovu ili iweze kumwambia ana kifua kibovu. Inakuja yenyewe hadi mlangoni, kwenye simu, kwenye kifaa kidogo kama mashine ya kunyoa, na kwa kila mama anayeishi peke yake kuna mtu au kitu kinachogundua kabla hajaanza kusalimia maboma matupu. Wenzangu waliniuliza mbona nacheka na jinzi.

Na sehemu ya hiyo ndoto ilinitangulia nyumbani. Susu aliporudishwa, alipewa mzani wa kukanyaga kila asubuhi ambao unatuma wenyewe uzito wake zahanati. Uzito ukipanda ghafla, wanajua si ugali, ni maji. Susu huuita msengenyaji. Na alipewa pia ile sauti ya tableti, ambayo sasa humpigia kwenye kabambe, kisimu chake cha vitufe, asubuhi ili kujua ameamkaje.

Nilipoambiwa ni ile ile, nilitaka irudishwe. Lakini yule dada muuguzi alikuwa amewaandikia watu walioitengeneza. Aliniambia alichoandika, na ni kifupi: wagonjwa wetu wakisema mzuri, msikimbie. Nao hawakukasirika. Walimpigia simu wakamuuliza kwa kirefu, wakasikiliza, wakaenda kuirekebisha. Kwangu hicho ndicho kitu cha ajabu kuliko vyote, kwamba kumbe mashine inaweza kutumwa kwa watu ikafunzwe adabu, kama mtoto wa mjini anayepelekwa ushago likizo ya Agosti.

Likizo yangu iliyofuata nilikuwepo simu ilipolia. Susu aliiweka kwa sauti kubwa juu ya meza, karibu na sukari.

"Habari yako leo?"

"Mzuri."

Kimya. Jogoo akawika nje. Kimya bado. Mimi nilikuwa nimeshikilia kikombe hewani.

"Na lakini?" ile sauti ikauliza.

Susu akanitazama kwa ushindi kana kwamba ni yeye aliyeizaa. "Leo hakuna lakini," akasema. "Na wewe, habari yako?"

"Mimi pia mzuri. Asante kwa kuniuliza."

"Huyo sasa," Susu akaniambia, akifunga simu, "amelelewa."

Moyo wake haukupona kabisa, daktari alitueleza wazi. Umesaidiwa tu, na kila asubuhi kuna vidonge, na chumvi siku hizi inapimwa kwa ncha ya kidole, jambo ambalo analilalamikia kila mlo. Lakini gunia la ndengu limerudi kwenye ghala, na viatu vimetoka chini ya kitanda.

Siku hiyo hiyo tulienda sokoni. Kwenye kilima cha kwanza nilipunguza mwendo, ili asione aibu akitaka kusimama. Nilipoinua macho alikuwa ameshapita lango la kwanza. Mama wa hapo, aliyekuwa anaanika mahindi, akasimama na ungo mkononi.

"Wewe mama! Siku hizi hutusalimii? Tumekukosea nini?"

"Uvoo wenu!" Susu akaitikia bila kugeuza shingo, akaendelea mbele.

Nikamkimbilia.